Mbuzi wa Nyamizi na Mshauri wa Mali

Mliosimama kaeni, kisa chenyewe kifupi. Bwana Lugusha, tajiri mwenye gulio, alitangaza kwamba hakuna atakayeuza hata kitunguu pale kabla ya kununua ushauri wake wa mali. Ada ilikuwa mbuzi mmoja. Nyamizi, mjane muuza asali, alikuwa na mbuzi huyo mmoja tu, ndiye aliyewapa wanawe maziwa. Zamu yake ilipofika kwenye foleni ya wachuuzi, Lugusha akaishika kamba ya mbuzi, akakohoa kama waziri.

"Haya mama, uliza."

"Bwana mkubwa, kuna mtu ananiuzia kitu. Hakiliwi, hakivaliki, wala hakishikiki. Bei yake ni mali yangu yote."

"Tapeli huyo!" Lugusha akanguruma, ili foleni nzima imsikie. "Usimpe hata unyoya!"

"Nimeshampa."

"Mnyang'anye!"

"Ana nguvu, bwana. Halafu ana kitambi."

"Kitambi ndiyo nini? Mnyang'anye mbele za watu! Akifungua mdomo, mzomeeni!"

Nyamizi akaichomoa kamba mkononi mwa Lugusha. Lugusha akafungua mdomo, foleni nzima ikamzomea.

"Ahsante, bwana mkubwa," Nyamizi akasema, akiondoka na mbuzi wake. "Nami nilidhani ushauri wa kulipia hauna faida!"