Vitonge vya Mama Tunu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliotoka kula. Leo ninawapeleka kwenye njaa, itikieni vizuri. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko nami. Mkubwa ampakate mdogo, na mdogo asimchokoze mwenzake.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na meko yao na desturi zao kama sisi, kulikuwa na Pofu mmoja jike. Pofu mnamjua? Mnyama mkubwa, mwili wa ng'ombe, pembe zimesokotwa kama kamba. Na akitembea, magoti yake yanalia. Ka! Ka! Ka! Unamsikia kabla hujamwona. Alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Tunu. Kwa hiyo mwitu mzima ukamwita Mama Tunu.

Juu kidogo, kwenye majabali, alikaa Bi Pelele, yule mnyama wa mawe ambaye wengine humwita pimbi. Mdogo, mnene, mkia hana. Watoto wake walikuwa wagumu wa kulala, lakini Mama Tunu akipita chini ya jabali kurudi kwake, ka, ka, ka, walikuwa wanafumba macho. Walijua kuna mkubwa anapita, hakuna baya litakalopanda huko juu. Bi Pelele hakuwahi kumshukuru. Utamshukuruje mtu kwa magoti yake?

Masika yakaja. Mvua ikapiga, ikapiga. Mto ukajaa. Mama Tunu na mwanawe walikuwa wanavuka. Maji yakaja, vuuu! Mama akatokea ng'ambo. Akageuka nyuma. Tunu hakutokea.

Basi Mama Tunu akalala chini, pale pale ukingoni, uso kwenye mto. Hakulia. Hakusema. Hakula.

Sasa sikilizeni desturi ya mwitu ule. Kwenye msiba hakuwashwi moto. Si kwa mfiwa tu, kwa wote. Majivu yanabaki baridi mpaka matanga yaanuliwe. Na matanga hayaanuliwi mpaka mfiwa mwenyewe atie kitu kinywani. Ndivyo walivyokuta, ndivyo walivyofanya.

Wanyama wakaja na vyakula, kila mmoja na kile anachokipenda yeye. Tembo akaleta fenesi zima, akalitua, tii! Nyani akaleta mkungu wa ndizi. Ngiri akaleta mihogo mibichi na udongo wake. Mzee Fisi akaleta mfupa, alikuwa ameshaulamba. Wakavirundika mbele ya Mama Tunu, wakamzunguka.

"Kula, Mama Tunu, kula!"

Kimya.

"Jikaze, Mama Tunu. Kula!"

Kimya.

Rundo likawa refu, Mama Tunu akawa mfupi nyuma yake. Mbavu zikaanza kuonekana. Watu walimwamkia, hakuitikia. Huko majumbani meko yalikuwa baridi, watoto wanalalamika, wazee wanakohoa kwa ubaridi. Wakaanza kunong'ona. Huruma nayo huchoka, ndugu zangu, ikikaa muda mrefu kwenye mvua.

Mzee Fisi akasema, "Tuwashe moto kidogo tu. Tupike kitu chenye mvuke. Mfiwa akinusa mchuzi, ataamka."

Bi Kanga, yule ndege mwenye madoa na maneno mengi, akadakia, "Ataamka yeye au utaamka wewe?"

"Bi Kanga, mimi namwonea uchungu mfiwa."

"Uchungu wako unadondoka mate, mzee."

Bi Pelele alikuwa amekaa pembeni. Hakucheka. Alikuwa anatazama kitu ambacho wengine hawakukitazama, kwa sababu wao walitazama mdomo. Yeye alitazama kiwele. Kiwele cha Mama Tunu kilikuwa kimejaa, kimevimba, kinang'aa. Maziwa yalikuwa yanadondoka yenyewe kwenye matope. To. To. To. Maziwa ya mtoto ambaye hayupo.

Bi Pelele amezaa. Akayajua maumivu hayo. Na akajua kwamba mama asiyekamuliwa hupata homa, na homa juu ya njaa itamuua. Akasogea polepole mpaka sikioni.

"Shikamoo, Mama Tunu."

Kimya.

"Mama Tunu, shikamoo."

Ndipo mfiwa akasema neno lake la kwanza. "Usiniite hivyo. Jina hilo limekwenda na mto."

Bi Pelele akaketi kando ya sikio lake. "Sikuja kukuambia ule."

"Afadhali. Nikila, Tunu atakuwa amekufa kweli."

Bi Pelele akakitazama tena kiwele. Akasema tu, "Kiwele kinakuuma. Niache nikukamue."

"Ukayamwage maziwa ya mwanangu?"

"Sitamwaga hata tone. Nitawapa watoto aliocheza nao."

Mama Tunu akautazama mto. Mto ukapita. Kisha akauliza, "Hata yule wa Ngiri, aliyemng'ata mkia?"

"Ukisema asipewe, hatapewa."

"Apewe. Tunu alimpenda sana yule mtundu." Akainua mguu wa nyuma kidogo, kwa shida. "Kamua."

Bi Pelele akakamua. Chwaa! Chwaa! Mikono midogo, kiwele kikubwa, kazi ikachukua muda. Kibuyu chake kilikuwa kimezoea mtindi, kina harufu yake mpaka kwenye nyuzi. Akatia maziwa humo, akaziba, akabeba, akapanda jabalini.

Bi Kanga akamfuata nyuma, kichwa mbele, kichwa nyuma. "Utapika nini bila moto, shoga? Utapikia pumzi?"

"Sipiki."

"Sasa?"

"Nangoja."

Mzee Fisi akacheka kule chini, hii-hii-hiii! "Pelele! Mkia wenyewe umekosa, leo utapata akili?"

"Mkia sina, mzee, ni kweli. Lakini sikuja msibani kunusa sufuria."

Wakamwacha.

Maziwa yakalala, yakaganda, yakawa mtindi mzito. Bi Pelele akaogopa kuchelewa, mgonjwa yuko chini pale, anaisha. Akachota kiasi, akakiponda na ndizi ya Nyani, akajaribu kufinyanga tonge. Chururu! Ukamtiririka mpaka kwenye viwiko. Watoto wake wakaja kumlamba viwiko.

"Mama, tamu!"

"Tamu, lakini haishikiki. Ondokeni."

Basi akafanya ilivyotakiwa kufanywa tangu mwanzo. Akachukua kifumbu, kile kikapu kirefu cha ukindu cha kuchujia tui. Akatia mtindi uliobaki, akakitundika kwenye tawi, chini akaweka kata ya kuchotea maji. Maji yakaanza kutoka. To. To. To. Bi Pelele akaketi akasikiliza. Sauti ilikuwa ile ile ya maziwa kwenye matope, ila hapa hayapotei. Akasubiri. Alitaka kukikamua kwa mikono, akajizuia. Ukikamua kwa nguvu, mtindi nao unatoka na maji. To. To. Kimya. Hapo akafungua, akakuta kitu cheupe, kizito, kinasimama chenyewe.

Akaponda ndizi mbivu. Akatoa kokwa kwenye kunazi na tende, akazikata ndogo ndogo. Akachukua ubuyu, akautwanga, akachekecha unga wake ule mweupe wenye ukali wa kuamsha ulimi. Akachanganya pamoja na mtindi. Akafinyanga. Tonge dogo, la kutosha kinywa cha mtoto, si zaidi. Akaliviringisha kwenye unga wa ubuyu lisinate. Jingine. Jingine. Akayapanga juu ya jani la mgomba, akalisukuma ndani ya ufa wa jabali, kwenye mchanga mbichi, upepo wa baridi unakopita. Yakakaa humo mpaka yakashikamana. Ukilishika halivunjiki, ukilitia kinywani linayeyuka. Moto? Hapana. Moshi? Hapana. Desturi haikuguswa.

Kisha Bi Pelele akaenda nyumba kwa nyumba. "Nipeni watoto. Wale wa rika la Tunu. Kuna sadaka ya mwenzao."

Wakaja. Watoto wa Swala, watoto wa Tumbili, kobe mdogo akabebwa asichelewe. Na kitoto cha Ngiri, mbele ya wote, mkia juu kama kijiti. Wakubwa nao wakasogea kutazama. Bi Pelele akaliondoa lile rundo kwanza. Fenesi pembeni, mihogo pembeni, mfupa akautupa. Wakauona uso wa Mama Tunu. Ulikuwa umebaki mifupa na macho.

Akamwekea jani mbele. "Watoto wamefika. Hii ni sadaka ya Tunu, na mwenye sadaka ni wewe. Wape."

Mama Tunu akayatazama matonge. Akawatazama watoto. Walikuwa wamekaa mstari, miguu imekunjwa, kimya, jambo ambalo si la watoto. Akanyoosha shingo. Akashika tonge moja kwa midomo yake, taratibu, akampelekea kitoto cha Ngiri.

Kitoto cha Ngiri akafunga mdomo, mm!

"Mbona huli?" Bi Kanga akafoka. "Mtoto gani huyu!"

"Mama amesema," kitoto akajibu huku anameza mate, "chakula cha watu hakiliwi mpaka mwenyewe aonje. Atoe uchawi kwanza."

Ngiri mkubwa akaficha uso. "Jamani, mwanangu! Hapa msibani!"

Lakini mtoto alisema kweli. Ndivyo walivyofundishwa wote. Mwenye chakula huonja kwanza, mgeni akaona, moyo wake ukatulia. Watoto wote wakafunga midomo, mm! Wakangoja.

"Mimi nitaonja!" Mzee Fisi akaruka.

"Si wewe," kitoto akasema. "Mwenye chakula."

"Basi mpishi. Bi Pelele, onja wewe yaishe."

Macho yote yakamgeukia Bi Pelele. Aliweza kuonja. Tonge moja, na watoto wangekula waende zao. Akaiweka mikono yake nyuma.

"Mimi nimefinyanga tu," akasema. "Maziwa si yangu."

Tonge lilikuwa bado kwenye midomo ya Mama Tunu, na watoto wa rika la Tunu walikuwa wanamtazama kwa njaa ya siku zote zile za majivu baridi. Asipoonja, watarudi na njaa, na maziwa ya mwanawe yatachacha juani.

Mama Tunu akafumba macho. Akafungua kinywa. Tonge likaingia.

Likayeyuka. Ubuyu ukamwamsha ulimi. Ndizi ikaja, kunazi ikaja. Na chini ya vyote, polepole, yakaja maziwa.

Akameza. Koo likapanda, likashuka, kila mtu akaliona.

"Kumbe ndivyo yalivyo," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu anayetoka usingizini. "Nimemnyonyesha tangu alipozaliwa, sikuwahi kujua Tunu anaonja nini."

Hapo ndipo alipolia. Alilia mwitu ukasikia, ndege wakaruka, mto ukawa kama umenyamaza. Alilia kilio chote alichokuwa amekizuia kooni, na ndicho kilichokuwa kimeziba njia ya chakula. Bi Pelele akaegemea goti lake, akalia naye. Hata Mzee Fisi akageuka upande.

Kilio kikaisha. Mama Tunu akachukua tonge la pili, akampa kitoto cha Ngiri. Safari hii kinywa kilikuwa wazi kabla halijafika. Akampa wa Swala. Akampa wa Tumbili. Akamwinamia kobe mdogo mpaka chini. Moja kwao, moja kwake, mpaka jani likabaki jani.

Kitoto cha Ngiri akajilamba unga wa ubuyu puani. "Ahsante, Mama Tunu."

Watu wakageukiana. Jina lile!

Mama Tunu akamtazama. "Haya, mwanangu," akaitika. "Ni mimi."

Akakusanya miguu yake. Akainuka, akayumba, Tembo akamkinga kwa ubavu. Akasimama. "Meko ni baridi na watoto wanatetemeka," akasema. "Anueni matanga. Washeni moto."

Jua lilipokuwa linatua, moshi ulionekana tena juu ya mwitu, mwembamba, mmoja hapa, mmoja kule. Watoto wa Bi Pelele walikuwa wamelala macho wazi kama kawaida yao ya siku zile. Mara wakainua masikio. Bi Pelele naye akainua yake.

Ka.

Kimya kidogo.

Ka. Ka.

Polepole, kama mtu anayejifunza kutembea. Yakapita chini ya jabali. Watoto wakafumba macho. Safari hii Bi Pelele akatoka nje, akasimama ukingoni mwa jabali, akaita kwa nguvu zake zote ndogo:

"Shikamoo, Mama Tunu!"

"Marahaba!" ikajibu sauti kutoka chini.

Basi, wanangu, jifunzeni hili. Ukienda kwa mfiwa, usimrundikie chakula ukasimama kichwani kwake ukisema kula, kula. Tazama panapomuuma. Mpelekee kidogo, kilaini, chenye kumbukumbu ya aliyeondoka, na umpe mtu wa kumlisha. Akimlisha mwingine, naye atakula. Na jina la mtoto wake usilifiche. Mwite nalo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye tonge mkononi aonje kwanza, kisha ampe aliyekaa karibu naye.