Konzi ya Nne ya Udongo

Enyi watu wa Sauzal, jambo moja limenishinda tangu nilipoanza kuisimulia habari hii: kwa nini Eleuterio, siku aliyokabidhiwa bonde hili, alirusha udongo pande tatu za dunia, na konzi ya nne akaitia kwenye kifuko chake cha tumbaku.

Ilikuwa zama zile California ilipokuwa mikononi mwa Mexico, na serikali ikiwagawia askari wake wa zamani nyika zilizokuwa za misheni, wapate kufugia ng'ombe. Eleuterio Montaño alikuwa mwana wa Fermín, askari wa ngome, mwana wa Baltasar aliyetoka Sonora kwa miguu nyuma ya nyumbu. Huyo ndiye Eleuterio Mkono wa Ngozi, aliyemnasa dubu kwa kamba ya ngozi mbichi akamburuta hai mpaka uani. Ndiye aliyemwangusha fahali mbioni kwa kumkamata mkia, kisha akamsaidia kusimama.

Siku ya makabidhiano hakimu alifika, wapanda farasi wawili wakanyoosha kamba ya kupimia ardhi kutoka kijitoni hadi kilimani, na juu ya kilima likawekwa fuvu la ng'ombe kuwa alama ya mpaka. Kisha, kama ilivyokuwa desturi, mwenye ardhi aling'oa majani, akavunja vijiti, akarusha udongo mbele ya majirani, ili ijulikane kwamba kila upande ulioupokea ni wake. Eleuterio alirusha kaskazini, akarusha kusini, akarusha magharibi kuliko na bahari. Mashariki kulikuwa na chemchemi, na kando yake vibanda vya wenyeji waliokuwapo kabla ya misheni na kabla ya Hispania. Hapo upepo ulivuma, na mkono wake ukajifumba. Hakimu, ambaye njaa ilikuwa imemshika, alitangaza kwamba bonde lote ni la Eleuterio, wakaenda kula.

Wako wanaosema aliwahurumia wale watu. Wako wanaosema vumbi lilimwingia jichoni. Siwezi kuwakatalia hawa wala wale.

Miaka ikapita, ikaja ile ambayo mvua ilikataa. Familia zote za Sauzal ziliishi kwa ngozi na mafuta ya ng'ombe, na sasa ng'ombe walikuwa wakianguka wakiwa bado wanatembea, huku farasi, waliozaana bila hesabu, wakiyang'oa majani machache yaliyobaki hata mizizi. Watu wakakusanyika uani kwa Eleuterio.

Nicanor, kaka wa mkewe, alisema, "Shemeji, mashariki kuna maji na majani. Hakimu alisema ni yako. Wahamishe wale."

"Upande ule sikurusha udongo."

"Basi urushe leo. Au mkono uliomburuta dubu umechoka?"

Wachungaji wakacheka. Pacífico hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wao, mzaliwa wa vibanda vile, na hakukuwa na farasi Sauzal ambaye hakufundishwa naye.

"Don Eleuterio," alisema, "mama yangu yuko kule."

Eleuterio alilitazama zizi la farasi. Kisha akatamka: "Chemchemi ibaki na wenyewe. Ng'ombe waishi. Farasi wafe."

Watu wale walipanda farasi hata kuvuka uwanja kwenda kanisani. Ilikuwa kama wameambiwa watakatwa miguu. Pacífico alikaa chini, pale pale vumbini.

Asubuhi Eleuterio alikataa kusaidiwa. "Mimi niliwazalisha," alisema, akampanda farasi wake jike mweusi, Mbayuwayu, akawakusanya farasi wote na kuwakimbiza kuelekea ukingo wa jabali juu ya bahari. Waliosikia mlio ule hawakupenda kuuelezea, nami sikuwalazimisha. Pale ambapo mpandaji hugeuza hatamu, Eleuterio hakugeuza. Alishindwa, au hakutaka. Waliokuwa mbali waliona vumbi tu. Ilipatikana kofia yake. Yeye hakuonekana tena.

Mvua ilirudi, na ng'ombe waliosalia ndio mababu wa hawa mnaowaswaga leo. Lakini kabla ya mvua, Nicanor alikitaka kile kifuko, kilichokuwa kimetundikwa juu ya kitanda cha marehemu, ili udongo urushwe mashariki na kazi ikamilike.

Escolástica, mjane, alikishika kifuani akasema mbele ya wachungaji wote: "Alichokizuia mume wangu hakitarushwa. Kitarudishwa. Na ng'ombe wa Sauzal asinywe maji ya chemchemi ile maadamu kuna mtu anayeishi kando yake."

Wakakubali, Nicanor wa mwisho. Escolástica akaenda mwenyewe, kwa miguu, maana farasi hakubaki hata mmoja, Pacífico akimwongoza njia. Na mlangoni kwa mama yake Pacífico, Escolástica akakifungua kifuko, akaumwaga udongo chini.