Mhozya na Shimo la Taasisi ya Tiba

Katika zama za babu wa babu zetu, watu wote wa bondeni walipokuwa wakichota maji ya kunywa Mto Luvindo, aliishi Mhozya mwana wa Kasanda, wa ukoo wa waashi, Mbeba-Miamba, aliyeinua peke yake jiwe lililowashinda wanaume sita. Ndiye aliyeijenga kilimani nyumba ya Taasisi ya Tiba ya chuo kikuu, kuta zake mawe ya kuchonga, unene wa dhiraa mbili.

Lakini ukoo ule ulikuwa na mwiko: mwashi hagusi uchafu. Mfereji wa vyoo na wa chumba cha maiti Mhozya aliwaachia wakubwa wa chuo, wala hakwenda kuutazama. Nao, kwa kuharakia ufunguzi, wakauelekeza mtoni, na wagonjwa wakaanza kulazwa hata kabla ya sherehe.

Wa kwanza kufa kwa kuhara alikuwa Nyamizi, mke wa Mhozya. Aliugua Jumatatu, akazikwa Alhamisi.

Siku ya ufunguzi Mhozya alipanda na ndoo ya maji ya Luvindo, akaitua mezani katikati ya sahani za pilau. Juu yake vilielea pamba yenye usaha na nywele za watu.

"Fundi, ondoa kinyaa hiki!" alifoka Sengondo, mkuu wa taasisi, leso puani. "Watu wanakula!"

"Kule chini pia watu wanakula, mheshimiwa. Wanapikia haya haya."

"Basi, tutaunda kamati."

"Kamati ianze kwa kunywa," alidakia bibi mmoja wa bondeni aliyemfuata Mhozya. "Mnaogopa nini, wanangu? Madaktari mko tele hapa, mtatibiana."

Hakunywa mtu. Mhozya aliitazama midomo yao iliyong'aa mafuta, ikamchukiza. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, safi, yenye vumbi jeupe la mawe tu, nayo ikamchukiza zaidi.

Akachukua mtaimbo, akang'oa mabamba ya marumaru ya baraza la wageni, akauziba mfereji usifike mtoni, akachimba nyuma ya jengo shimo la kuupokea, kina cha watu wanne. Siku arobaini alijenga humo, kinyesi cha wagonjwa kikimfika mapajani, na ndugu zake waashi wakimtemea mate kutoka ukingoni: "Umetuvua nguo, Mhozya!"

Naye akatamka: "Atakayetibu watu wa bonde hili, kwanza ajue uchafu wake unakwenda wapi."

Alipokandika bamba la mwisho, aliketi akaegemea ukuta, na hewa ya shimo ikamtoa roho. Waashi walikataa kumgusa. Wanawake wa bondeni ndio waliomvuta kwa kanga zao, wakamwosha.

Tangu siku ile daktari mpya akifika bondeni, hata awe na vyeti vya nchi gani, kina mama humuuliza neno moja juu ya shimo lile: "Umeshuka?" Akisita, wao humfunga mtoto mgongoni, pamoja na homa yake, wakaondoka.