Jina la Mtoto wa Siwema

Sogezeni viti karibu, na mwenye simu aizime. Hadithi ninayo mimi, lakini hukumu sina. Hukumu mnayo nyinyi, na leo hatoki mtu hapa bila kuitoa.

Katika mji mmoja mkubwa, ambao siutaji kwa jina kwa sababu wenyewe hawakawii kununa, walikuwapo watu watatu wa familia moja, kila mmoja na kipaji chake. Mwanamvua alijua kuuliza. Akikaa na mtu asiyemjua kwa muda wa kunywa chai tu, mtu huyo atamsimulia mpaka ugomvi wake na mama mkwe. Kibwana alijua njia. Tangu utotoni hakupenda kupanda gari, na akiingia mtaa mgeni, vichochoro vyake vyote anavimaliza kwa miguu kabla hajaomba maji ya kunywa. Bi Mosi alijua mvua. Jua linawaka, kiwanja kikavu, yeye atakuonyesha kwa kidole mahali maji yatakapopita masika yakifika.

Yuko na wa nne, Pazi, mtoto wa Bi Mosi, kaka yake Mwanamvua. Huyu hana kipaji chochote katika hadithi hii, ila alikuwa na mke, na mke ndiye aliyekuwa na shida.

Mke aliitwa Siwema, mdogo wake Kibwana. Alikuwa muuguzi katika hospitali ya katikati ya mji, na nyumba waliyopanga ilikuwa mwisho kabisa, kule ambako lami imeshakata tamaa. Aliondoka watoto wamelala, akarudi watoto wamelala. Mkubwa, Tindwa, basi la shule lilimchukua kukiwa bado na giza, na mwalimu wake alilalamika kwamba anasinzia darasani. Mdogo, Mboni, alishinda kwa jirani. Siku moja Siwema alipata mapumziko, akamkunjulia Mboni mikono. Mtoto akajificha nyuma ya gauni la jirani, akachungulia, akasema, "Shikamoo, anti."

Siwema aliingia jikoni akalia. Angekuwa mtoto mtundu, mama asingeumia vile. Lakini Mboni hakufanya utundu. Alimwonyesha adabu mtu asiyemzoea.

Jumapili iliyofuata, wote wakiwa wamezunguka sinia la wali, Siwema aliweka tonge chini. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshaanza kuonekana. Akasema anataka kuhama. Anataka mtaa wenye shule nzuri, ulio karibu na kazini, ambao mtoto anaweza kucheza nje. Pazi akacheka kidogo, akauliza kama mtaa wa namna hiyo upo hapa duniani au mpaka mtu afe kwanza. Siwema hakucheka.

"Atakayenipatia mahali pa kuwaona wanangu wakiwa macho," alisema, "huyu aliye tumboni atampa jina yeye."

Hapo wote wakaacha kula. Katika ukoo ule jina la mtoto si jambo la mchezo. Hutolewa na mtu mmoja, kwa mdomo mmoja. Wakilitoa wawili, wazee husema, mtoto atakuwa wa kuumwaumwa, hajui aitike lipi. Na kila mmoja pale alikuwa na jina lake moyoni. Mwanamvua hakujaliwa kupata mtoto, alitamani jina lake mwenyewe libaki. Kibwana alitaka jina la mama yao yeye na Siwema, marehemu Kidawa. Bi Mosi alikuwa na pacha wake aliyefariki wakiwa wasichana, akiitwa Pili, na tangu siku ile hajasikia mtu akiliita jina lile ndani ya nyumba.

Basi, wa kwanza kutoka alikuwa Mwanamvua. Hakwenda kwa walimu wakuu, maana mwalimu mkuu gani atakwambia shule yake mbovu? Alikwenda kwenye saluni zilizo karibu na shule, akakaa kusukwa. Akimaliza saluni moja anafumua, anakwenda kusukwa nyingine, mpaka kichwa kikamuuma. Huku anasukwa, anauliza. Akagundua kwamba shule moja maarufu, yenye picha za wanyama ukutani, walimu wake hawamalizi muhula. Lakini Mtaa wa Vinu kuna shule ya rangi iliyochujuka, hata bango lake limepinda, na walimu wanaofundisha pale wamewaandikisha watoto wao wenyewe palepale. Kwa Mwanamvua hilo lilitosha. Akarudi nyumbani na misuko na habari.

Furaha haikudumu. Mtaa wa Vinu ulikuwa ng'ambo ya korongo kubwa linalokata mji. Pazi alitazama ramani kwenye simu, akaona lazima gari lizunguke mji mzima ndipo lifike hospitalini. Mwanamvua akawa mdogo. Shule imepatikana, na mama atabaki kuwa anti vilevile.

Ndipo Kibwana akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: mbona wote wanapima kwa gari? Alikwenda kusimama kwenye lango la hospitali saa watu wanapobadilishana zamu. Waliopanda magari aliwaacha waende zao. Akawafuata wanaotembea, wafagiaji na wapishi, wakashuka naye korongoni kwa ngazi zilizochongwa kwenye udongo, wakavuka kwa kidaraja cha chuma kilichojengwa juu sana kando ya bomba la maji, wakatokea Vinu nyuma ya uwanja wa shule. Ramani ya simu haikukijua kidaraja kile. Kesho yake akarudia, safari hii ameshika kikombe cha uji alichonunua langoni pa hospitali. Alipofika shuleni, uji ulikuwa bado unaunguza ulimi. Siwema alikataa kuamini mpaka alipoteremka mwenyewe na tumbo lake, akapanda ng'ambo ya pili, akasimama kuvuta pumzi huku anatabasamu.

Nyumba za kupanga zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya chini, mwisho wa mtaa, ina vigae vinavyong'aa, geti, na maua yamepanda mpaka paani. Ya pili ilikuwa juu kidogo, kuta za saruji tupu, jiko jeusi kwa moshi. Pazi alipoona vigae alichanganyikiwa. Alivua viatu akatembea juu yake, akaanza kupanga kochi litakaa wapi, na funguo alikuwa ameshazishika mkononi.

Bi Mosi alikaribishwa kiti, akakataa. Alizunguka nje, akaona banda la kuku la jirani limeinuliwa juu ya miti mirefu. Aliingia ndani, akapapasa ukuta, akaona rangi ya sehemu ya chini ni mpya kuliko ya sehemu ya juu. Dalali aliyewaonyesha nyumba akaapa kwamba tangu ijengwe haijaingiwa hata na tone la maji.

"Sawa, baba," Bi Mosi akasema kwa upole. "Na hizi soketi za umeme, mbona zimewekwa juu namna hii, usawa wa kifua changu?"

Dalali akakumbuka kwamba kuna mtu anampigia simu.

Pazi alirudisha funguo kwa uchungu, wakapanga ile ya jiko jeusi. Masika yalipokuja, maji yaliingia nyumba ya vigae mpaka madirishani, na kochi la watu wengine lilionekana likielea barazani. Nyumba ya kina Siwema ilibaki kavu. Asubuhi Tindwa alikwenda shule kwa miguu, amelala vya kutosha. Jioni Siwema alivuka kidaraja jua likiwa bado lipo, na haukupita muda mrefu Mboni akawa anamkimbilia mpaka uwanjani akimwita mama, kwa sauti ya kumwamuru ambebe. Siwema alisema hajawahi kuamriwa vizuri vile.

Kisha mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye mapafu ya kulia.

Mwanamvua ndiye aliyeanza. Akasema bila yeye wangehamia kufuata picha za wanyama, Tindwa asome kwa walimu wapita njia. Kibwana akamjibu kiutani, kama shemeji kwa shemeji, kwamba misuko ilimpendeza kweli, lakini shule ile ilikuwa ng'ambo, na bila yeye wangekuwa wanaitazama kwa mbali mpaka leo. Bi Mosi aliwaacha wamalize. Akasema shule nzuri na njia fupi ni neema kubwa, na kwamba bila yeye wangezifaidi zote mbili wakiwa juu ya paa.

Usiku na mchana mtoto analia. Majirani wa Vinu wakisikia wanasema analilia jina. Mwanamvua akambeba, akamnong'oneza "Mwanamvua", akanyamaza. Furaha ikamjaa. Kibwana akampokea, akanong'ona "Kidawa", akanyamaza vilevile. Bi Mosi akamweka kifuani, akasema "Pili". Mtoto akamtazama, kimya. Kila aliporudishwa kitandani, kilio kikaanza upya.

Siwema anawapenda wote watatu. Ahadi ni yake, hawezi kuimeza, na mmoja tu ndiye atakayetoa jina. Pazi alipoulizwa akasema sukari imekwisha, akatoka. Mpaka sasa hajarudi.

Kesho ni arobaini. Mtoto atatolewa nje kwa mara ya kwanza, na katika ukoo ule hatolewi mtoto asiye na jina. Msiniambie wote watatu, maana nimeshawaeleza kuhusu mdomo mmoja. Wala msinitazame mimi. Wamekaa pale sebuleni, wanamtazama Siwema, na Siwema anakutazama wewe.

Je, wewe ungeamua vipi?