Nani Alimrudisha Bi Mwantumu?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nitawasimulia jambo lililotokea Korogwe, katika nyumba inayotazamana na yetu, kisha nitawaomba mnisaidie, maana mimi limenishinda mpaka leo.

Nyumba ile ilikuwa na watoto watatu wa mama mmoja. Zaituni, mkubwa, alijaliwa jicho. Alikuwa fundi cherehani, na aliweza kukutazama ukipita barabarani akakushonea gauni bila kukupima. Hoza, wa pili, alijaliwa mikono. Alitengeneza simu kwenye kibanda karibu na stendi, na simu iliyowashinda mafundi wengine, yeye aliifufua. Mbwana, wa mwisho, alijaliwa sauti. Alinadi mitumba huko Handeni, na akifungua mdomo mnada wote unanyamaza. Sauti hiyo aliirithi kwa baba yao, marehemu mzee Singano, aliyekuwa nyapara kwenye mashamba ya mkonge.

Ila Mbwana na baba yake walikosana vibaya. Siku ya mazishi hakuja, na kwa miaka sita hakukanyaga tena nyumbani.

Mama yao, Bi Mwantumu, akaanza kusahau. Alisahau chumvi kwenye mboga, akasahau siku, mwishowe akawasahau wanawe. Zaituni akawa "yule dada anayeniogesha." Hoza akawa "fundi." Na kila alasiri alijifunga kanga akatoka kwenda kukata mkonge, kwenye shamba lililokwisha kung'olewa zamani. Njia ya huko inapita mtoni. Mara mbili watu walimkamata akiwa ameshaingia majini.

Siku moja Zaituni alimfuata Hoza kibandani.

"Hoza, simu si inajua mtu alipo?"

"Inajua, dada."

"Basi haiwezi kumwambia mama arudi?"

Hoza akacheka kidogo. "Inaweza, lakini lazima iandikiwe programu yake. Wenye kazi hiyo wanataka fedha ambazo mimi na wewe hatujawahi kuziona."

"Sijakuuliza habari ya fedha. Nimekuuliza kama inawezekana."

Wakaanza na kile walichokuwa nacho.

Zaituni alikuwa na jicho. Kwa miezi miwili alitembea nyuma ya mama yake, hatua ishirini nyuma, bila kumzuia mpaka wakaribie mto. Akaona mama anasimama wapi, anasita wapi, na ni kona ipi ambayo ukimsemesha anageuka. Akachora njia yote nyuma ya karatasi za kalenda ya zamani. Kabla simu yoyote haijaguswa, yeye mwenyewe alijifanya simu: kwenye kila kona alisema maneno, na yasiyofaa aliyafuta, akaandika mengine. Nguo za wateja zikalala bila kushonwa. Wateja wakahamia kwa fundi mwingine, wala hawakurudi.

Hoza alikuwa na mikono. Alichukua simu mbovu tatu akatoa moja nzima. Mchana alifunga kibanda akaenda kukaa kwenye veranda ya chuo, palipo na mtandao wa bure, akijifunza kuandika programu kwa kutazama video. Ya kwanza iliongea mama akiwa amelala kitandani. Ya pili ilinyamaza kabisa. Ya tano ikakubali: mama akipita mashine ya kusaga iliyo njiani, inamsemesha, akifika kona, inamwelekeza. Mchumba wake, aliyengoja harusi mwaka mzima, alimwambia, "Hoza, mimi nimechoka kungoja." Akaolewa Muheza.

Zaituni akashona kifuko, simu ikaning'inia shingoni mwa mama. Lakini sauti ndiyo iliyokwama. Waliporekodi sauti ya Zaituni, mama alishtuka, "Nani yumo humu?" akaivua akaitupa. Waliporekodi ya Hoza, aliitikia salamu kwa adabu, akaendelea na safari yake mtoni.

Zaituni akamwambia mdogo wake, "Yuko mtu mmoja tu ambaye mama akiitwa naye anageuka. Na amekwisha kufa."

Hoza akajibu, "Sauti yake iko Handeni."

Mbwana alikuja, baada ya kuombwa mara tatu. Alipoingia uani alipiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, ni mimi, Mbwana. Nimekuja kuomba radhi." Bi Mwantumu alimsikiliza, uso ukamchangamka, akasema, "Singano! Mbona umechelewa leo?"

Mbwana akanyanyuka, akashika simu akarekodi. Akasema kama alivyokuwa akisema baba yake, mtu ambaye hakutaka hata kumzika: "Mwantumu, kazi imekwisha. Geuka, mke wangu, twende nyumbani." Kona baada ya kona, maneno yote ya Zaituni. Na kwa kuwa mama hakuwa na raha bila sauti ile, Mbwana aliacha mnada akabaki. Kila siku aliitwa kwa jina la baba yake, akaitika.

Ikaja siku ya masika. Zaituni alikuwa kitandani na homa kali. Hoza alikuwa stendi. Mbwana alikuwa amekwenda duka la dawa. Mama akatoka.

Mimi nilikuwa barazani kwangu. Mvua ilikuwa kubwa hata nisione ng'ambo ya barabara. Mto ulikuwa umejaa, na siku ile ungemchukua mtu mzima mwenye nguvu zake. Hoza na Mbwana waliporudi wakamkuta mama hayupo, wakakimbilia mtoni, mimi nikabaki nikiomba Mungu. Mara namwona Bi Mwantumu anakuja peke yake, ameloa chapachapa, anatabasamu kama bibi harusi. Kwa mikono miwili ameishikilia ile simu.

Nilimkalisha nikamkausha. Akavua bangili yake ya fedha, ambayo haikuwahi kutoka mkononi mwake tangu aolewe, akaniwekea kiganjani.

"Mpe mwanangu aliyenileta nyumbani."

Neno "mwanangu" sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa miaka miwili. Nikamuuliza haraka, "Yupi, Bi Mwantumu? Zaituni? Hoza? Mbwana?"

Akanitazama kwa mshangao. "Kwani wewe humjui?"

Usiku ule kifua kilimbana, na siku ya tatu akafariki.

Baada ya arobaini niliwaita, nikaweka bangili juu ya mkeka, nikawaambia maneno yale kama yalivyo. Hakuna aliyeinyanyua.

Zaituni alisema, "Nilimwogesha miaka miwili hajui mimi ni nani. Nipeni nijue kwamba siku ile alinijua."

Hoza alisema, "Wazo lilikuwa lako, dada, na sauti ilikuwa ya Mbwana. Lakini bila mikono yangu wazo lingebaki kwenye kalenda, na sauti ingebaki Handeni."

Nikamgusa Mbwana bega. "Nilikuja kuitwa mwanangu," akasema. "Nikakubali kuitwa mume. Kama siku ile alisema mwanangu, naomba aliyesemwa awe mimi."

Nikapendekeza sonara aikate vipande vitatu. Wote wakakataa. Mama alisema mwanangu, hakusema wanangu.

Mkeka ukakunjwa. Bangili iko kwangu, na ndugu wale siku hizi wakikutana njiani wanasalimiana wakitazama chini.

Haya, nyinyi mlionisikiliza. Mwenye jicho, mwenye mikono, mwenye sauti. Kesho mimi nawapigia hodi wale ndugu, bangili mkononi. Je, ungekuwa wewe, ungempa nani?