Sura ya Tajiri Zhuo

Alikuwepo kule Uchina mama mmoja, Qiu, aliyeanza kwa kuchuuza magazeti mlangoni pa uwanja wa opera, mpaka akamiliki gazeti lake mwenyewe. Siku moja tajiri Zhuo, mwenye jengo alilopanga Qiu, akamvamia.

"Picha yangu ijaze ukurasa wa mbele, la sivyo mitambo yako naitupa nje!"

"Kwenye karatasi nzito, mzee?"

"Nzito kabisa!"

"Nilitoe Jumapili, siku ya opera?"

"Hapo ndipo!"

Jumapili gazeti liligombaniwa kama mpira wa kona. Zhuo akaenda uwanjani kupokea sifa. Uwanja ule haukuwa na viti. Kama desturi, kila mtu alikuwa ametandika gazeti lile kwenye ngazi za mawe, akalikalia.

"Niondoe humo!" Zhuo alimnong'oneza Qiu.

"Vumilia, mzee," alijibu Qiu, akijiweka vizuri juu ya lake. "Kwanza opera iishe."