Aibu ya Mzee Eliufoo

Kuna watu wanaoogopa midomo ya majirani kuliko wanavyoogopa kaburi, na Mzee Eliufoo wa Bombo alikuwa mmoja wao. Alikuwa mzee wa kanisa na msimamizi wa ndiva, bwawa ambalo kijiji kilitegemea kumwagilia mashamba. Alipogawa zamu za maji hakuna aliyebisha, kwa kuwa hakuwahi kusema uongo. Uongo wake wa kwanza aliusema kwa ajili ya mwanawe.

Loth, mwanawe wa pekee wa kiume, alishuka Makanya kufanya kazi kwenye machimbo ya jasi, na huko akajifunza kuvuta unga wa kulevya. Alirudi nyumbani amekonda kama ng'onda, akitetemeka na kutapika. Eliufoo alimfungia chumbani. Kijiji kilipokutana kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji, watu walimuuliza habari za kijana, naye akajibu kwamba hajambo, kazi imemshika huko Makanya. Mkewe, Priska, aliendelea kuchota tope bila kuinua uso. Mumewe alikwisha kumwonya.

Sababu aliijua yeye mwenyewe. Binti yao Eva alikuwa ameposwa na watu wa Msangeni, na kwao, kabla posa haijakubaliwa, ukoo mmoja huulizia maradhi ya ukoo wa pili. Mfungwa hutoka akaoa, aliwaza mzee, lakini mtu wa unga huhesabiwa ana maradhi ya akili, na hayo husemwa yamo kwenye damu.

Siku moja Loth alivunja dirisha akatoroka. Alikamatwa mjini Same akiwa na kete moja mfukoni. Hakuwa ameiba wala kumgusa mtu.

Kabla ya kesi kusikilizwa, Bi Fadhila, afisa ustawi wa jamii, alimwita Eliufoo pembeni. Alimweleza kwamba kijana ni mraibu, na mraibu ni mgonjwa. Hakimu alikuwa tayari kumpeleka kwenye matibabu badala ya gerezani, mradi mzazi athibitishe kwamba anaumwa na akubali kumsimamia. Loth mwenyewe alikwisha kukubali. Eliufoo aliitikia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi Priska alitabasamu.

Walipoingia mahakamani, mzee alimwona Filipo wa Msangeni, baba wa mchumba wa Eva, ameketi benchi la nyuma. Hakimu alipomuuliza kama kijana anaumwa, alikohoa kwanza.

"Mheshimiwa, katika ukoo wetu hakuna ugonjwa huo. Alibebeshwa tu mzigo wa watu. Jela itamfunza."

"Baba, naumwa," Loth alisema taratibu. "Waambie."

Eliufoo alitazama ukuta. Loth akafungwa, na Priska akalia njia nzima ya kupanda mlimani.

Gerezani mwili wa Loth ulizoea kukaa bila unga, lakini kiu yake hakuna aliyeitibu. Alipotoka hakufika hata Bombo. Alishukia Makanya, akavuta kiasi kile kile cha zamani, na mwili uliokwisha kusahau sumu hiyo haukuistahimili. Wachimbaji wa jasi walimkuta kando ya reli, amekwisha kupoa.

Siku ya maziko watu walijaa uani. Mchungaji alipomwita baba aseme neno, Eliufoo alisimama.

"Mwanangu hakuwa mkaidi," alisema. "Alikuwa mgonjwa wa unga. Aliniomba niseme, nikakana kwa kuogopa macho ya mkwe wangu."

Filipo akainuka, akaenda kumshika mkono.

"Mkwe, tulijua," alisema kwa huzuni. "Watu wa Makanya walituambia tangu siku za posa. Mdogo wangu Vitus aliugua hivyo hivyo, akatibiwa, na leo analima. Siku ile sikuja mahakamani kukuchunguza. Nilikuja ili ukisema, nisimame nawe."

Eliufoo alikaa chini kwenye udongo uliochimbuliwa, mbele ya mchungaji, wakwe na kijiji kizima, akalia kama mtoto aliyepigwa. Priska hakwenda kumnyamazisha. Ugonjwa alioufungia chumbani na kuukana mbele ya hakimu sasa ulijulikana na kila mtu, siku ambayo kujulikana kwake hakukuweza kumponya yeyote. Hakika, mficha maradhi kifo humuumbua.